Kuhifadhi Uthabiti wa Rangi za Picha Mtandaoni: Mfano wa Kanga ya Kisutu

Utangulizi

Mtafiti wa utamaduni wa Waswahili hategemei tena daftari na kinasasauti pekee. Kamera ya dijitali ni miongoni mwa zana zake, na mtandao umekuwa ghala la picha za kanga, miswada ya tenzi na milango ya nakshi. Hata hivyo, picha iliyopendeza ndani ya programu ya kuhariria mara nyingi huonekana imefifia au imegeuka rangi pindi inapowekwa kwenye tovuti. Makala haya yananuia kufafanua kiini cha mabadiliko hayo na kupendekeza hatua za kuyazuia.

Mfano tutakaoutumia ni kanga ya kisutu, na uteuzi wake si wa kubahatisha. Kisutu ni kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na huhusishwa na bibi harusi. Rangi tatu hizo ndizo zilizopewa na Kiswahili mizizi yake ya vivumishi: -ekundu, -eusi na -eupe. Rangi nyingine nyingi hupata majina kutokana na vitu: kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, manjano kutokana na kiungo cha upishi. Mwanafunzi anayechambua maana ya rangi za kanga kwa kutegemea picha za mtandaoni, akaukuta wekundu wa kisutu umeelekea damu ya mzee, atajenga hoja juu ya rangi ambayo haimo katika nguo yenyewe. Kwa hivyo, suala hili si la urembo tu bali ni la uaminifu wa data.

Namba na Muktadha Wake

Katika tarakilishi, picha ni mkusanyiko wa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Katika picha ya biti 8, kila namba huanzia 0 hadi 255, na michanganyiko yote inayowezekana ni 16,777,216.

Jambo linalopuuzwa na wengi ni kwamba namba hizo si rangi. Zinalingana na neno "paa" lililoandikwa peke yake kwenye karatasi. Je, ni paa la nyumba, paa wa mwituni, au ni kitendo cha kuruka angani? Muktadha ndio unaotupa maana. Kwa upande wa rangi, muktadha huo ni nafasi ya rangi, yaani mfumo unaoeleza namba fulani inasimamia wekundu au ukijani wa kiwango gani. Maelezo ya mfumo huo hupachikwa ndani ya faili na huitwa profaili. Muundo wa profaili hizi husimamiwa na International Color Consortium, shirika lililoanzishwa mwaka 1993.

Nafasi iliyoenea zaidi mtandaoni ni sRGB. Ilipendekezwa na kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, na ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Adobe RGB, iliyotolewa mwaka 1998, ni pana zaidi, hasa katika rangi za kijani na zile zilizo kati ya kijani na buluu. ProPhoto RGB, iliyobuniwa na Kodak, ni pana kuliko zote mbili.

Tazama sasa jinsi upotoshaji unavyozuka. Wekundu wa kilele katika sRGB huandikwa 255, 0, 0. Wekundu huohuo katika Adobe RGB huandikwa 219, 0, 0. Programu inayoisoma profaili huonyesha rangi moja katika hali zote mbili. Lakini tovuti nyingine huondoa profaili ili kupunguza ukubwa wa faili. Kanuni za wavuti nazo huagiza kwamba picha isiyo na profaili ichukuliwe kuwa ya sRGB. Hivyo, 219 ya Adobe RGB husomwa kana kwamba ni 219 ya sRGB, na kisutu hupoteza mng'aro. Hali ni hiyo hiyo kwa kijani: kijani cha kilele cha sRGB, yaani 0, 255, 0, huwa 144, 255, 60 katika Adobe RGB, na namba hizo zikisomwa kimakosa huonyesha kijani chenye umanjano.

Kugeuza na Kubandika

Programu za kuhariria kama Photoshop na GIMP humpa mtumiaji amri mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Amri ya kugeuza hubadilisha namba ili rangi ibaki ilivyo. Amri ya kubandika huziacha namba zilivyo na kubadilisha profaili pekee, na kwa hivyo rangi hubadilika. Ya kwanza ni sawa na kutafsiri kitabu kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Ya pili ni sawa na kuandika "Kiswahili" juu ya jalada la kitabu ambacho kurasa zake zingali za Kifaransa. Anayetayarisha picha ya mtandaoni anahitaji kugeuza.

Hatua za Kufuata

Kwanza, skrini isawazishwe kabla ya kuhariri, ikiwezekana kwa kifaa cha kupimia rangi. Viwango vinavyotumika sana ni weupe wa Kelvini 6500 na gama ya 2.2. Skrini iliyoelemea ubuluu humfanya mhariri aongeze umanjano usiohitajika.

Pili, kadi yenye rangi zinazojulikana ipigwe picha pamoja na kanga, chini ya mwanga uleule, ili iwe kipimo cha kulinganishia.

Tatu, nakala asilia ihifadhiwe katika nafasi pana. Nakala ya mtandaoni itengwe, igeuzwe kuwa sRGB mwishoni mwa uhariri, na profaili ipachikwe ndani yake. Izingatiwe kwamba rangi zilizo nje ya mipaka ya sRGB haziwezi kupita zilivyo. Programu huzisogeza ndani ya mipaka hiyo. Ndiyo sababu nakala asilia haifai kutupwa.

Nne, picha ikishapakiwa, ipakuliwe tena na ilinganishwe na ile iliyotumwa, ili kubaini iwapo tovuti imeondoa profaili.

Hitimisho

Hatua hizi haziwezi kutawala skrini ya msomaji. Simu iliyopunguzwa mwanga itaonyesha kisutu tofauti na tarakilishi iliyosawazishwa. Tunachoweza kukihakikisha ni kwamba faili yenyewe inasema kweli. Aidha, ni vyema kila picha ya utafiti iambatane na maelezo ya rangi kwa maneno, yakiwemo majina yanayotumiwa na wenye nguo wenyewe. Msomaji akiiona damu ya mzee kwenye skrini yake ilhali maelezo yanasema nyekundu, atajua la kuchunguza kwanza ni skrini, wala hataharakia kuandika upya maana ya kisutu.