Akina baba, tutunze nyuso zetu, tuogope makopo ya vinyozi

Jirani yetu mmoja, dereva wa daladala mwenye umri wa miaka 43, aliamkiwa na kijana kituoni: "Shikamoo, babu." Aliitika marahaba kama adabu inavyotaka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani na kopo dogo jeupe alilouziwa na kinyozi wake, lisilo na jina wala maandishi, akawa anajipaka kila usiku baada ya Isha. Haukupita muda mrefu mkewe akaona uso wa mumewe unang'aa kwa kasi isiyo ya kawaida, ilhali masikio na shingo vimebaki vilevile. Akatuletea kopo lile tulitazame, akauliza: "Hii inamrudisha baba watoto ujanani, au inamla?"

Swali hilo linahusu nyumba nyingi kuliko tunavyokiri, kwa kuwa wanaume huona haya kusema kwamba nao hujitazama kwenye kioo. Haya hiyo haina msingi katika dini yetu. Sahaba mmoja alipouliza kama kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Uzee wenyewe hauna dawa, hilo nalo tumefundishwa, na mvi tumekatazwa kuzing'oa. Tunalozungumzia hapa ni ule uzee unaokuja kabla ya wakati wake.

Uzee huo, kwa sehemu kubwa, huletwa na jua. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa Marekani mwenye miaka 69, aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa makamo. Upande wa kushoto, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana na kuning'inia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kioo cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza, lakini ile miale ya jua iitwayo ya aina ya A hupenya, ikaingia ndani ya ngozi na kuvunja nyuzi zinazoishikilia. Kwetu usukani uko kulia, basi shavu la kulia ndilo linaloumia. Tulimtazama jirani yetu kwa jicho hilo, na kweli: weusi wa mabakabaka na mikunjo ya pembeni mwa jicho vilikuwa vingi zaidi upande wa kulia.

Wapo watakaosema ngozi nyeusi haidhuriki. Ina kinga, alhamdulillahi, lakini kinga hiyo ina mpaka. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionesha kwamba kinga ya asili ya ngozi nyeusi hulingana na kipimo cha SPF 13 hivi, na ya ngozi nyeupe 3 hivi. Ndiyo maana mikunjo hutuchelewea, na kwetu jua huanza kwa kuchafua rangi: mabaka, weusi chini ya macho, paji la uso lisilolingana na mashavu. Huko Nambour, Australia, watu 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopakwa zamu ya kujipaka losheni ya kukinga jua kila siku walionekana kuzeeka ngozi kwa asilimia 24 chini ya wenzao waliojipaka kwa hiari yao. Wengi wao walikuwa weupe, hivyo tusichukue hesabu hiyo kama ilivyo, ila njia ni ileile. Nasi hatuko mbali na losheni hizo: pale KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jambo hili ni la uhai.

Hapa ndipo huulizwa habari za udhu. Mwanamume anayeswali huosha uso mara kadhaa kwa siku, na losheni huondoka. Sisi tunaona jambo hilo kuwa ni msaada, kwa sababu losheni ya jua hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili hivi kwa mtu aliye juani, na wanaume wachache hukumbuka. Anayejipaka asubuhi kabla ya kutoka, kisha akajipaka tena baada ya udhu wa Adhuhuri na wa Alasiri, ana ratiba ambayo hahitaji kuandikiwa. Kiasi ni mistari miwili ya urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, SPF 30 au zaidi. Losheni inayonywewa na ngozi haizuii maji. Ile inayoacha utando mzito kama nta ioshwe kwanza kwa sabuni, ndipo mtu atawadhe. Na baada ya Isha, uso ukiwa bado na unyevu wa udhu, mafuta mepesi au losheni ya kawaida yanatosha. Maji ya mara kwa mara yasiyofuatiwa na mafuta hukausha ngozi, hasa kwa wanaoshinda kwenye viyoyozi.

Losheni ya jua ni ghali, hatufichi. Asiyeimudu aanze na kivuli. Kofia zetu za viua ni fahari yetu, lakini hazina ukingo, haziufuniki uso. Mvuvi na fundi ujenzi wavae pama, na ibada haitapungua kitu wakibadilisha kofia mlangoni mwa msikiti. Uso usioshwe kwa sabuni ya mche ya kufulia. Ndimu isipakwe usoni kisha mtu akatoka juani, kwani huunguza na kuacha mabaka meusi ya miezi. Sigara nayo hukunja ngozi, na hiyo ni hasara yake ndogo kabisa. Wenye vipele vya ndevu wajue kwamba chanzo ni unywele wa kipilipili uliokatwa kwa wembe hadi shinani, ukajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Anayefuga ndevu amepumzika na adha hiyo.

Turudi kwenye kopo. Mikorogo ya aina hii mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, basi mtu aliyetaka kuondoa uzee huununua kwa fedha zake. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Na lililotushtua zaidi ni kwamba haiishii kwa anayejipaka: hupita kwenye taulo, kwenye mto, kwenye shavu la mtoto anayembusu baba yake. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini kopo lisilo na maandishi halisomi sheria. Ukiona kipodozi hakina orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji, au kimeandikwa kisigusane na dhahabu na fedha, kiache hapo kilipo. Onyo hilo la vito ni dalili ya zebaki. Aliyekwisha kukitumia kwa muda aende kwa daktari wa ngozi, maana akiacha uso huweza kuwasha na kuvimba, na wengi hulirudia kopo kwa sababu hiyo.

Tulimweleza jirani haya mbele ya mkewe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mtoto wao wa miezi minane, anayelala kifuani pake kila usiku, naye apelekwe kupimwa. Tukamwambia ndiyo. Walikwenda Jumatatu, wote watatu, na kopo wakalibeba ndani ya mfuko wa plastiki ili daktari alione.