Usalama wa Nani? Akina Mama na Meza ya Amani

Tukisikia "uhusiano wa kimataifa" tunafikiria mabalozi, majeshi na mipaka. Mama anayeuza mboga sokoni hapa Eldoret atasema, "Hayo si yangu." Lakini wako wasomi wanaomwambia: hapana mama, ni yako pia. Cynthia Enloe wa Marekani aliuliza swali fupi: katika mambo hayo, wanawake wako wapi? Mwenzake J. Ann Tickner, mwaka 1992, alieleza kwamba usalama si wa serikali peke yake. Nchi yaweza kuwa na jeshi imara na watu wake wasilale usingizi.

Sisi tunalijua hilo. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa moto. Waliokuwa wamekimbilia humo, wengi walikuwa akina mama na watoto. Siku hiyo hakuna adui aliyevuka mpaka wa Kenya.

Ndipo Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa wakaja kupatanisha. Kila upande ulileta watu wanne mezani, na katika hao wanne mwanamke alikuwa mmoja tu: Martha Karua upande huu, Sally Kosgei upande ule. Tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa sahihi, madaraka yakagawanywa. Mapigano yalipungua, tukashukuru. Lakini kwa mama aliyelala hemani pale Showground, usalama ulikuwa choo cha karibu usiku, na kutafuta kuni bila kuogopa kubakwa.

Tangu Oktoba 2000, Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linataka wanawake washiriki katika kutafuta amani, tena walindwe. Kenya ilitoa mpango wake wa kulitekeleza mwaka 2016. Hata hivyo, kiti peke yake hakitoshi. Wale wawili walikaa pale kwa niaba ya vyama vyao, sawa na wanaume. Aliyelala hemani ni nani aliyemsemea?

Tuanzie kwetu. Kamati ya amani ikikutana kijijini, mara nyingi akina mama huitwa wapike chai.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Katika kamati yetu akina mama ni wangapi, na wanasikilizwa?
2. Usiku, mama wa hapa anaogopa kupita wapi? Tumewahi kumwuliza?