Kisukari na Tezi ya Shingo Mpakani mwa Busia na Tororo

Chumvi inayovunwa katika mabwawa ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, huvuka mpaka kwa malori yapitayo Busia, na Malaba iliyo wilayani Tororo, ikaishia katika vyungu vya Uganda. Na kwa kuwa sheria ya Kenya tangu mwaka 1978, na ya Uganda tangu 1994, imelazimisha itiwe madini joto, huwakinga walaji wa pande zote mbili na maradhi ya rovu. Walakini yapo maradhi mengine ya tezi hiyo ya thairoidi, iliyokaa chini ya kikoromeo, ambayo chumvi haiyazuii, na mwenye kisukari huyakaribia zaidi ya watu wengine.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili hugeuka na kuziangamiza chembe za kongosho zitengenezazo insulini, na pengine uadui huohuo huielekea thairoidi, ikadhoofika polepole pasipo mgonjwa kutambua. Tezi ikidhoofika, insulini hukawia kuondoka mwilini, basi anayejidunga kipimo chake cha siku zote huweza kupungukiwa sukari ghafula, akatetemeka na kutokwa jasho. Hali kadhalika lehemu huzidi katika damu, na moyo, ambao kisukari kimekwisha kuutia hatarini, hutwishwa mzigo wa pili. Ama tezi ikizidisha kazi, ini humwaga sukari kwa wingi na insulini huisha upesi, hata vipimo vikapanda bila mgonjwa kuvunja mwiko wowote.

Kwa hiyo nashikilia ya kwamba mgonjwa asilaumiwe kwa ugali wa muhogo wala kwa matoke kabla tezi yake haijapimwa. Uchovu, unene, choo kigumu na kuhisi baridi katika joto la Busia husingiziwa kisukari, ilhali kipimo kimoja cha damu, cha homoni iitwayo TSH, huweza kuudhihirisha ukweli. Na mwenye aina ya kwanza hupaswa kupimwa mapema baada ya kugunduliwa, kisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Tezi dhaifu hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini, kimezwacho kwa maji kabla ya kula. Na aanzaye kukitumia huenda akahitaji kuongezewa insulini, jambo ambalo tabibu wa ng'ambo ya mpaka hawezi kulijua asipoelezwa. Basi kila anayevuka kwenda kutibiwa na achukue daftari lake la kliniki, na kila tabibu alisome kabla ya kuandika dawa.