Faili la Mgeni

Tarehe 1 Septemba 2020, mafundi wa Seravo, kampuni ya Ufini inayotunza tovuti za wateja wake, walipata habari kuwa baadhi ya tovuti zilizo katika amana yao zinaingiliwa na watu wasiojulikana, ambao hawakuiba neno la siri la mtu, hawakumhadaa mfanyakazi yeyote, wala hawakuhitaji hila kubwa: waliliamuru faili moja tu, nalo likawatii. Faili hilo lilikuwa ndani ya programu-jalizi iitwayo File Manager, iliyokwisha kuwekwa katika tovuti zaidi ya 700,000, na ambayo kazi yake ni kumwezesha mwenye tovuti kuyapakia, kuyapanga na kuyafuta mafaili yake pasipo kumwita fundi wa seva.

Msomaji asiyekuwa na tovuti yafaa ajue kwanza kuwa sehemu kubwa ya tovuti za leo, inayokadiriwa kuzidi theluthi ya zote, imesimama juu ya programu moja, WordPress, iliyoanza mwaka 2003 na hutolewa bure kwa yeyote aitakaye. Atakaye duka, fomu ya maombi, au picha zinazopokezana juu ya ukurasa, huongeza programu-jalizi, nazo zipo kwa makumi ya maelfu, nyingine kazi ya makampuni, nyingine kazi ya mtu mmoja katika saa zake za mapumziko. Ikisha kuwekwa, programu-jalizi hutenda kwa mamlaka yale yale iliyo nayo tovuti; husoma kila ambacho tovuti yaweza kusoma, huandika kila ambapo tovuti yaweza kuandika, na hapana kizuizi baina yake na siri za mwenyewe.

Kiini cha balaa ni tabia ya seva. Picha ikiombwa, seva huitoa kama ilivyo. Lakini faili ambalo jina lake laishia kwa php likiombwa, seva huyatekeleza maagizo yaliyoandikwa ndani yake, kisha hutoa matokeo. Kwa hivyo mgeni aliyeachiwa kuweka faili la namna hiyo mahali linapoweza kuombwa, ameweka amri, na amri hiyo itatekelezwa kana kwamba imetoka kinywani mwa mwenye tovuti.

File Manager haikujitungia kazi yake yote. Iliazima mkusanyo wa programu huria uitwao elFinder, ambao watungaji wake walitia ndani faili la mfano, la kumwelekeza fundi, wakalipa jina linaloishia kwa dist ili seva isilitekeleze. Watu wa File Manager walilibadili jina likaishia kwa php, likasambazwa hivyo, ilhali programu yao haikuwa hata na haja nalo. Faili hilo halikumuuliza mtu yeyote yeye ni nani. Aliyelipa agizo la kupakia, lilimpakilia. Marekebisho yalitoka siku ile ile, katika toleo la 6.9, lakini haukupita muda kabla ya kampuni ya ulinzi ya Wordfence kuhesabu tovuti zaidi ya 1,700,000 zilizokwisha kujaribiwa, maana wavamizi hawakujishughulisha kuchagua, walibisha kila mahali. Na la kustaajabisha ni kuwa baadhi yao, wakisha kuingia, walilitia faili lile bovu neno la siri ili wavamizi wenzao wasipite, hata ikawa ulinzi ambao mwenye tovuti hakuupata kwa watengenezaji, aliupata kwa mwizi.

Kisa cha mwaka 2011 kilikuwa cha ujinga wa namna nyingine. TimThumb ilikuwa programu ndogo ya kupunguza picha, iliyotiwa katika mandhari nyingi za WordPress, yaani vifurushi vinavyoipa tovuti sura yake, nayo iliruhusiwa kuleta picha kutoka tovuti chache zinazoaminika, kama vile Flickr na Blogger. Ilivyohakiki anwani ilikuwa sawa na bawabu aliyeagizwa awapitishe watu wa ukoo wa Mazrui, naye akampitisha kila aliyelitaja jina hilo popote katika maneno yake. Mvamizi alichotakiwa kufanya ni kujiandikishia anwani iliyotangulizwa na blogger.com na kumalizikia kwa jina lake mwenyewe, na kuweka huko faili la php. TimThumb ililileta, ikalihifadhi katika folda iliyo wazi kwa mtandao, na hapo likaombwa likatenda. Aliyeyafichua haya mwezi wa Agosti, Mark Maunder, aliyaona katika tovuti yake mwenyewe, ilipoanza kuonyesha matangazo asiyoyaweka. Yeye ndiye aliyeandika dawa yake.

Dhara halimo katika kupokea mafaili peke yake. Kutoa nako kuna hatari zake. Slider Revolution, ambayo hupokezanisha picha, iliombwa picha kwa jina, na jina hilo haikulipima. Aliyeandika nukta mbili na mkwaju, alama za kupanda folda moja juu, kisha akaliandika jina la wp-config.php, alipewa faili lenye jina na neno la siri la hifadhidata nzima. Kasoro hii ilirekebishwa Februari 2014, pasipo kelele, ikajulikana hadharani Septemba, na mwezi wa Desemba, programu hasidi iitwayo SoakSoak ilipoenea kwa njia hiyo, Google ilizitia tovuti zaidi ya 11,000 katika orodha yake ya hatari. Dawa ilikuwapo miezi kumi. Lakini Slider Revolution ilikuwa ikiuzwa ndani ya mandhari, na mtu aliyenunua mandhari hakujua kuwa ameinunua na hiyo pia, wala hakuletewa ilani ya toleo jipya.

Kwa hivyo mimi huona taksiri iliyo kubwa kuliko ya yule anayeandika programu mbovu ni ya kutojua mtu ana nini katika tovuti yake, na aghalabu tovuti hujengwa na fundi aliyelipwa mara moja akenda zake. Fundi hodari huyaweka mafaili ya wageni nje ya folda zinazoombeka, au huikataza seva kutekeleza php katika folda ya kupakia. Huyapa majina mapya, na hukubali aina alizozitaja tu badala ya kukataa zile anazozijua kuwa mbaya, kwani mbaya hazina mwisho. Mwenye tovuti naye ana lake. Aliyeizima File Manager katika orodha ya programu-jalizi zake mwaka ule wa 2020, akadhani yu salama, hakuwa amefanya kitu, kwa sababu faili la mfano liliombwa moja kwa moja kwa anwani yake bila ya kupitia WordPress. Kilichomfaa ni kuweka toleo la 6.9, au kuifuta programu-jalizi yote itoke katika seva.