Mfumo Unajuaje Kwamba Huduma I Hai? Ulinganisho wa Skripti za Uanzishaji na Wasimamizi wa Huduma katika Mifumo Endeshi ya Jamii ya Unix

Mijadala mingi kuhusu uanzishaji wa huduma katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix hujikita katika kasi, yaani ni mfumo upi huwaka upesi zaidi. Makala haya yanashikilia kwamba hilo ni jambo la pembeni. Tofauti ya msingi baina ya skripti za uanzishaji na wasimamizi wa huduma imo katika swali jingine: huduma ikishaanzishwa, mfumo unajuaje kwamba bado i hai, na kwamba mchakato fulani ni wa huduma hiyo? Ulinganisho unahusu hasa FreeBSD, OpenBSD na Linux inayotumia systemd.

Swali hili halikutoka vitabuni. Seva moja ya Linux iliyokuwa chini ya uangalizi wa mtafiti, iliyopokea vipimo kutoka kwa vihisi, ilizimika ghafla umeme ulipokatika. Umeme uliporudi seva iliwaka, lakini huduma ya kupokea vipimo haikuanza. Skripti yake ilipoulizwa, ilijibu kwamba huduma inaendelea kufanya kazi. Vipimo vya siku mbili vilipotea kabla kasoro haijagunduliwa. Chanzo kilikuwa faili dogo lenye namba ya mchakato, ambalo huduma ililiweka katika saraka yake ya data badala ya saraka inayofutwa mashine inapowaka. Faili hilo lilisalimika. Kwa kuwa Linux hugawa namba za michakato kwa kufuatana tangu mwanzo kila inapowaka, namba ileile ilikuwa imeshaangukia mchakato mwingine. Skripti ilikuta namba hai, ikaridhika.

Ili kuelewa kwa nini faili la namna hiyo lilihitajika, hatuna budi kurudi nyuma. Katika Unix Toleo la 7, la mwaka 1979, mchakato wa kwanza, yaani init, uliendesha skripti moja, /etc/rc, na kazi ikaishia hapo. System V, iliyotolewa mwaka 1983, ilileta viwango vya uendeshaji, na kila kiwango kikapewa saraka yenye viungo vinavyoanza kwa herufi S kwa kuanzisha au K kwa kuzima, vikifuatwa na namba ya zamu. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba init hiyo ilikuwa tayari na uwezo wa kuhuisha kilichokufa: mstari wa /etc/inittab wenye neno respawn uliifanya ianzishe programu upya kila ilipokoma. Uwezo huo ulitumika hasa kwa programu ndogo zinazosubiri watumiaji waingie, huku huduma kubwa zikiachiwa skripti. Kwa maoni ya mtafiti, mgawanyo huo wa kazi ndio uliozaa sehemu kubwa ya matatizo yanayojadiliwa hapa.

Huduma ya kimapokeo hujitenga na aliyeianzisha: mchakato mzazi huzaa mtoto kisha hukoma, na mtoto huwa yatima anayelelewa na init. Skripti nayo huwa imemaliza kazi na haina tena uhusiano wowote na huduma. Kinachobaki ni namba iliyoandikwa katika faili, na namba hiyo ni kumbukumbu ya jambo lililokuwa kweli wakati fulani.

NetBSD 1.5, ya mwaka 2000, iliboresha skripti kwa kuipa kila huduma faili lake ndani ya /etc/rc.d. Programu ya rcorder husoma katika maelezo ya kila faili kile ambacho huduma inahitaji na kile inachotoa, kisha hupanga zamu. FreeBSD iliupokea utaratibu huo katika toleo la 5.0, mwaka 2003. Tatizo la mpangilio lilitatuliwa kwa ustadi mkubwa. Tatizo la kujua hali ya huduma lilipunguzwa tu. Maktaba ya rc.subr ya FreeBSD hulinganisha namba iliyo katika faili na jina la programu inayotarajiwa, na ukaguzi huo peke yake ungeliepusha tukio lililosimuliwa hapo juu. OpenBSD, ambayo ilianza kutumia rc.d katika toleo la 4.9 la mwaka 2011, ilichukua njia nyingine: hutafuta miongoni mwa michakato iliyopo sasa ule ambao amri yake nzima inaafikiana na ruwaza iliyowekwa. Njia hii inaweza kukosea iwapo nakala mbili za huduma zina amri zinazofanana. Hata hivyo mtafiti anaiona kuwa bora zaidi, kwani huuliza hali ya sasa na haitegemei maandishi ya jana.

Hatua ya kulikabidhi suala hili kwa kerneli ilionekana mapema katika Solaris 10, ya mwaka 2005, ambayo msimamizi wake wa huduma hufungamanisha michakato ya huduma kwa mkataba unaotambuliwa na kerneli. Kwa upande wa Linux, makundi ya udhibiti yaliingia katika kerneli 2.6.24 mwaka 2008, nayo systemd, iliyoanzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers mwaka 2010, ikayatumia kuipa kila huduma kundi lake. Mtoto hurithi kundi la mzazi, na hata akijitenga mara mbili hatoki humo. Gharama yake ni kwamba systemd haiwezi kuhamishiwa BSD kwa urahisi, kwa kuwa imeshikamana na kerneli ya Linux.

Inafaa kuonya kwamba kujua si sawa na kutenda. Kwa chaguo-msingi systemd haihuishi huduma iliyokufa. Msimamizi wa mashine hana budi kuagiza hivyo. Akiagiza bila kubadilisha vipimo vingine, systemd husubiri milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio, na hukata tamaa huduma inapoanzishwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10. Hivyo huduma inayokoma mara moja kwa sababu hifadhidata haijawa tayari yaweza kumaliza nafasi zake zote kabla hata sekunde moja haijapita. Vilevile, kutamka kwamba huduma moja inaihitaji nyingine hakupangi zamu. Bila agizo tofauti la mpangilio, zote mbili huanzishwa kwa pamoja. Watumiaji waliozoea rc.d hushangazwa na jambo hili.

Kuna hali ambayo kundi la kerneli haliioni kabisa: mchakato ulio hai lakini umekwama. Systemd huruhusu huduma itume ishara kila baada ya muda uliopangwa, na ishara ikikosekana huduma huhesabiwa kuwa imeshindwa. Lakini ishara hiyo lazima iandikwe na mtunga programu mwenyewe, ndani ya huduma yake, mahali ambapo kazi halisi hufanyika. Akiiweka katika uzi wa pembeni usiogusa kazi hiyo, ishara itaendelea kutumwa hata baada ya vipimo kuacha kupokelewa.