Soko la Ajira: Dola 5 Zilizopunguza Gharama

Mfanyabiashara makini anajua bei ya mchele, sukari na dola kila wiki. Bei ya kazi ya watu, ambayo huinunua kila siku, aghalabu haijui. Mtu akiacha kazi humtafuta mwingine, wala hapigi hesabu ya hasara.

Hesabu hiyo iliilemea kampuni ya Ford ya Marekani mwaka 1913. Kiwanda chake cha Highland Park, karibu na Detroit, kilikuwa kimeanza kuunda magari kwa mkanda unaotembea. Kazi ilikuwa rahisi kujifunza lakini ya kuchosha mno, na wafanyakazi waliondoka makundi kwa makundi. Mwaka huo kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibaki na takriban 14,000. Kila siku mtu 1 kati ya 10 hakufika kazini, na kwenye mkanda, mmoja akikosekana wenzake wote wanakwama. Gharama hiyo haikuonekana kwenye fungu la mishahara.

Januari 1914, Henry Ford na mshirika wake James Couzens walitangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, badala ya dola 2.34 kwa saa 9. Walioitazama hatua hiyo kwa mbali walisema anajifilisi. Nyongeza ilikuwa na masharti: mtu awe ametimiza miezi 6 kazini, na maofisa wa kampuni walikwenda hadi majumbani kukagua mwenendo wake. (Mwajiri wa leo asijaribu hilo.)

Maelfu walijazana getini, na kampuni ikapata nafasi ya kuchagua. Kiwango cha watu kuacha kazi, kilichokuwa asilimia 370 mwaka 1913, kilishuka hadi 54 mwaka 1914 na 16 mwaka 1915. Baadaye Ford mwenyewe alisema hiyo ilikuwa miongoni mwa njia bora alizowahi kutumia kupunguza gharama.

Sifa zote zisiende kwa dola 5, hata hivyo. Mwaka 1914 uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora, na mwenye kazi popote aliing'ang'ania.

Mwenye karakana ya kushona nguo Dar es Salaam hahitaji kuongeza mshahara maradufu. Anahitaji daftari: nani ameondoka, amekwenda wapi, nafasi imekaa wazi siku ngapi. Mafundi wakihamia kwa jirani, bei yake iko chini ya soko. Wakitoweka msimu wa kilimo, shilingi zaidi hazitawazuia. Aajiri wa akiba mapema. Nafasi ikijazwa siku ile ile na mtu anayefaa, hakuna sababu ya kupandisha chochote.

Kwa mwenye hisa, fungu kubwa la mishahara kwenye hesabu za mwaka si lazima liwe dalili mbaya. Kwenye mkutano mkuu aulize kwanza: mwaka jana waliajiriwa wangapi, na kati yao wangapi bado wapo?