Kipindi cha 17: Unga wa Fundi wa Vioo

Kama kuna fundi hapo karibu, hasa wa vioo au wa miwani, mwite asogee kwenye redio, maana leo ni zamu yake.

Wiki jana tulipata ujumbe mfupi kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Nakuru. Aliandika hivi: mume wangu anasugua vioo vya magari na lenzi za miwani, jioni anarudi na ovaroli imejaa unga. Kwenye mfuko wa huo unga nimeona neno floraidi. Mtoto wetu wa miaka saba anaota meno ya kahawia. Je, ni huo unga?

Mama, asante kwa kuuliza. Nitakujibu kuhusu mtoto kwanza, halafu turudi kwa baba, kwa sababu naona yeye ndiye aliye hatarini zaidi.

Floraidi si kitu kimoja. Iko ile iliyoyeyuka ndani ya maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru, Elementaita hadi Naivasha. Hiyo huioni wala huionji, na ndiyo inayochafua meno. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi hapo wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, yaani kabla ya kufikisha kama miaka minane, yatatoka na madoa. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki pale pale, tena nzito zaidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa kama yale ambayo yametumika huko kwenu Nakuru. Kwa hivyo mama, kabla ya kulaumu ovaroli, pima maji ya kisima.

Sasa unga. Unga wa kung'arishia vioo hutengenezwa kwa madini yanayoitwa madini adimu, na kubwa lao humo ni seriamu. Wasikilizaji wa Kwale mmesikia habari za madini hayo kwa sababu ya kilima cha Mrima. Jina lenyewe linadanganya kidogo, kwani seriamu ardhini ni nyingi karibu sawa na shaba. Ndani ya mfuko wa fundi kwa kawaida mna mchanganyiko: oksidi ya seriamu, madini ya lanthanamu, na floraidi za madini hayo. Rangi yake ni nyeupe, au ya waridi, au ya udongo.

Floraidi ya seriamu haiyeyuki kwa urahisi majini. Mtoto akiramba kidogo kutoka kwenye nguo, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Sisemi arambe. Nasema tu meno yale hayakuchafuliwa hivyo.

Lakini kitu kisichoyeyuka tumboni hakiyeyuki vizuri mapafuni pia, na mapafu hayana choo. Hapo ndipo penye taabu. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Chembe za unga huu mara nyingi ni mikroni moja hadi tatu. Vumbi la barabarani ukilivuta, mengi hukwama puani ukapiga chafya yakaisha. Hili linashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, linakaa, na mwili ukishindwa kulitoa unaweza kujenga kovu kulizunguka. Kovu halivuti hewa.

Ulaya na Marekani madaktari wameandika habari za wasuguaji wa lenzi waliofanya kazi hiyo miaka mingi na mapafu yao yakakutwa na makovu na chembe za seriamu. Wameandika pia juu ya waonyeshaji wa filamu wa zamani. Taa zao zilitumia vijiti vya kaboni vilivyotiwa floraidi za madini adimu ili mwanga uwe mweupe, na moshi wake waliuvuta chumbani siku nenda siku rudi. Si kila aliyevuta anaugua. Wengine picha ya eksirei inaonyesha madoa na mwenyewe hana lolote. Ila anayepata kovu hupata kidogo kidogo: kikohozi kikavu, halafu anashangaa ngazi zimekuwa ndefu, halafu mzigo aliobeba mwaka jana leo unamshinda. Kovu hilo halina dawa ya kulifuta.

Hapa nikiri kosa langu. Nikiwa muuguzi mpya, alikuja fundi mmoja anakohoa. Nilimtuma akapime makohozi ya kifua kikuu. Hakuna kitu. Akarudi, nikamtuma tena. Mara ya tatu ndipo mwenzangu aliyekuwa mkubwa kwangu alimwuliza swali ambalo mimi sikuuliza: baba, unafanya kazi gani? Alikuwa ametumia miezi mingi na nauli nyingi, na kila siku akitoka kwetu anarudi kwenye vumbi lile lile. Kwa hivyo fundi, ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda kapimwe kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali, na usikatae. Lakini hata daktari asipokuuliza, mwambie mwenyewe: mimi nasugua vioo, kwa miaka kadhaa sasa, na unga wangu ni huu. Beba karatasi ya mfuko ukiweza.

Kinga si ngumu. Unga ukiwa uji, yaani umechanganywa na maji, haupepei. Unaruka wakati wa kuumimina ukiwa mkavu, na wakati uji umekauka sakafuni na mtu anafagia. Basi mwaga maji kwenye ndoo kwanza, ndipo utie unga polepole, mdomo wa mfuko ukiwa chini karibu na maji. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, usifagie. Na ile tabia ya kujipuliza nguo kwa kompresa jioni ili urudi nyumbani msafi, acha leo. Unatoa unga kwenye suruali na kuutia mapafuni mwako na mwa kijana unayemfundisha kazi.

Kitambaa cha mdomoni hakizuii chembe ndogo hivyo. Barakoa ya N95, ambayo sote tuliijua wakati wa Korona mwaka 2020, inazuia, mradi ishike uso. Ndevu nyingi zinaacha mwanya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akulinde kwa gharama yake mwenyewe, bila kukukata mshahara. Huko Marekani sheria inasema floraidi hewani isizidi miligramu 2.5 kwa kila mita ya ujazo kwa zamu ya saa nane. Kwenye kibanda cha jua kali hakuna wa kupima, kwa hivyo tumia jicho: ukiona unga unaelea kwenye mwali wa jua unaoingia mlangoni, umezidi.

Unga ukiingia jichoni usisugue, maana kazi yake ni kukwangua. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Nawa mikono kabla ya kushika chapati au sigara.

Jambo moja nataka mlisikie vizuri. Usichanganye unga huu na asidi. Najua karakana nyingi zina asidi ya betri pembeni, na mtu akiona sinki limeziba kwa uji uliokauka anafikiria kuimwaga humo. Asidi kali ya salfa, hasa ikipata joto, inaitoa floraidi ikawa mvuke wa haidrojeni floraidi. Mvuke huo unachoma macho na mapafu, na ukigusa ngozi unaweza usiume mara moja. Unapita ndani, unakamata kalisi ya mwili, na moyo unaweza kusimama. Aliyepatwa na hayo avuliwe nguo, amwagiwe maji mengi, apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, na waambiwe wazi kwamba ni floraidi ili watafute dawa ya kalisi glukoneti. Mafundi wanaochora vioo viwe na ukungu, dawa yenu mara nyingi ina floraidi inayoyeyuka. Hiyo ni hatari ukiwa bado hujaichanganya na chochote. Msiishike bila glavu.

Sasa mama, ovaroli. Usiikung'ute. Ikiwezekana ibaki kazini. Ikija nyumbani, itumbukize kwenye beseni la maji ikiwa bado imekunjwa, ifue peke yake, na maji ya kwanza uyamwage bila kuyaacha yakauke uani. Baba avue mlangoni kabla mtoto hajamrukia. Mtoto mpeleke kwa daktari wa meno, na sampuli ya maji ya kisima uulize kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Mume wako naye aje kituoni, hata kama hakohoi, tusikilize kifua chake.

Tukitoka kwenye wimbo nitapokea simu zenu. Nitaanza na mafundi.